Tusiulize "nani?", tuulize "nini?"

Masomo: 2 Wafalme 4:18-37, Yohana 9:1-7

Tunawasalimu ninyi mnaotusikiliza Ibanda, Kadutu na Bagira, ninyi mlio vijijini nje ya mji, na ninyi mnaopokea karatasi hii mlangoni mwa kanisa siku ya Mungu. Wengi wenu mlituomba tuyachape mahubiri haya ili myasome tena nyumbani pamoja na watoto. Tumefanya hivyo. Lakini tunawaambia mapema: yanaanza na toba yetu sisi wenyewe, watumishi.

Kulikuwa na kijana katika mojawapo ya makanisa yetu. Hatutaji jina lake wala kartye yake, kwa heshima ya wazazi wake. Alikuwa na miaka 16. Aliimba katika kwaya ya vijana, na alipenda mpira kuliko chakula. Siku moja ya posho, jioni, alikuwa akikimbia kufuata mpira pamoja na wenzake. Hakuna aliyemgonga. Aliinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu chini, akaanguka. Wenzake walicheka kwanza, wakidhani anawachezea. Alipokosa kuamka walimpepea kwa shati, wakammwagia maji kichwani, mmoja akakimbia kumwita mama yake, mwingine akaenda kutafuta motari. Walipomfikisha hospitalini, daktari alisema roho imeshatoka.

Sisi tulifika kwa kilio siku hiyo hiyo. Tuliomba, tuliimba, tulilala pale na familia. Hapo tulifanya vema. Lakini siku ya pili neno likaanza kutembea chini ya hema. Mtu alisema: siku ya nne kijana alipita kwa shangazi yake, akanywa juisi. Mwingine akaongeza: yule shangazi ni mjane, na tangu zamani hakupatana na mama wa mtoto. Kufikia jioni, neno "karuho" lilikuwa midomoni mwa watu wengi. Hakuna aliyelisema kwa sauti mbele ya shangazi. Lakini mama yule anauza sambaza, na tangu juma lile watu wakaacha kununua kwake. Watoto wa avenue walikatazwa kupita mlangoni pake. Na sisi watumishi, tuliokuwa tumeshika Biblia mkononi, tulinyamaza. Wengine wetu tulitikisa kichwa tu, na kila aliyetuona alielewa kwamba tunakubali.

Miezi minne ikapita. Dada mdogo wa marehemu, mwenye miaka 13, alianguka akipanda mlima mbiombio kwa sababu amechelewa masomo. Alizimia kidogo, kisha akaamka mwenyewe. Familia ikamleta kwetu ili tuvunje laana ya nyumba. Tuliomba kwa nguvu. Tulipomaliza, mama mmoja wa kikundi cha maombezi, ambaye ni muuguzi, akamwinamia binti na kumwuliza kwa upole: "Mwanangu, ulipoanguka ulikuwa unafanya nini?" Akamwuliza tena kama moyo wake hupiga ovyo anapokimbia. Binti akajibu kwamba ndiyo, na kwamba kaka yake pia alikuwa akimwambia hivyo.

Wapendwa, katika miezi minne ile yote hakuna mtu aliyekuwa ameuliza swali hilo. Sote tuliuliza "nani?" Mama yule alikuwa wa kwanza kuuliza "nini?"

Alimpeleka binti kwa daktari. Wakampima moyo kwa mashine ya kuandika mapigo, kisha kwa ekografi. Nyama ya moyo wake ilikuwa nene kuliko kawaida. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huo hurithiwa katika familia, kwamba huenda kaka yake alikuwa nao pia, na kwamba wazazi na watoto wote wa nyumba ile wapimwe. Binti yupo hai hadi leo. Anameza dawa zake, hakimbii tena mbio za masomoni, anaimba katika kwaya pahali pa kaka yake.

Ndipo tukaenda kwa shangazi kumwomba msamaha. Alitupokea. Alituwekea viti, akatupa chai. Tulipomaliza kusema, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Yule mtoto nilimlea miaka mitatu. Mngekuja kuniuliza, ningewaambia kwamba alianguka hapa kwangu mara mbili akicheza. Lakini nani angenisikiliza?"

Neno hilo halijatutoka. Mtu aliyejua dalili za ugonjwa ndiye mtu tuliyemfunga mdomo. Uvumi ulimwonea mjane, na karibu uue mtoto wa pili.

Kwa hiyo leo tunawaletea mambo manne, na yote yatoka katika toba hiyo.

JAMBO LA KWANZA: BIBLIA INAJUA KIFO CHA GHAFLA CHA MTOTO

Fungueni 2 Wafalme sura ya 4. Mama wa Shunemu alikuwa amengoja mtoto miaka mingi, Mungu akampa. Mtoto akakua. Asubuhi moja akamfuata baba yake shambani wakati wa mavuno. Akalalamika kwamba kichwa kinamwuma. Wakambeba kwa mama yake, akakaa magotini pake mpaka saa sita mchana, akafa. Asubuhi alikuwa mzima, na mchana akawa maiti. Mama yeyote wa Bukavu aliyepatwa na jambo kama hilo anaweza kuisoma sura hii na kujua kwamba hayuko peke yake.

Sasa angalieni Biblia haisemi nini. Haisemi kwamba jirani alimroga. Haisemi kwamba wavunaji walimtilia kitu katika maji. Haisemi kwamba mama yule alikuwa na dhambi ya siri. Hata Elisha, nabii aliyezoea kuonyeshwa mambo, alikiri kwamba Bwana amemficha neno hilo. Tunawaomba mliangalie hapo vizuri. Nabii wa kweli hakuona haya kusema kwamba hajui. Manabii wa siku hizi wanajua kila kitu, tena wanajua mpaka jina la bibi fulani na rangi ya kitenge chake.

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, swali lao la kwanza lilikuwa la "nani": ametenda dhambi nani, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa swali lenyewe. Hakuwapa jina la mtu. Aliwaambia kazi za Mungu zionekane, kisha akainama, akatengeneza tope, akaanza kazi. Huo ndio mwendo wa Bwana wetu: swali la lawama analiacha, mikono yake inaingia kazini.

JAMBO LA PILI: MOYO WA KIJANA UNAWEZA KUSIMAMA, NA SABABU ZAKE ZINAJULIKANA

Wengi wetu tunafikiri ugonjwa wa moyo ni wa wazee na wa watu wanene. Si hivyo. Moyo ni nyama yenye kazi mbili. Inasukuma damu, na inaendeshwa na umeme mdogo ambao Muumba aliuweka ndani yake. Nyama hiyo ikiwa na kasoro, au umeme huo ukivurugika, moyo unaacha kusukuma na kuanza kutetemeka tu. Damu haifiki kichwani. Mtu anaanguka baada ya sekunde chache.

Kasoro nyingine ni za kuzaliwa. Kuna ugonjwa wa nyama ya moyo kuwa nene, ambao wataalamu wanahesabu kwamba uko kwa mtu 1 hivi katika kila watu 500. Wengi wao wanaishi mpaka uzeeni bila shida kubwa. Mzazi mwenye ugonjwa huo anaweza kumrithisha kila mtoto, na uwezekano ni nusu kwa nusu. Kuna kasoro za umeme wa moyo, ambazo zinaweza kumwangusha mtoto anapokimbia, anapoogelea, au anaposhtuliwa na kelele. Kuna mishipa ya moyo iliyoota pahali pasipo pake. Kuna pia magonjwa yanayokuja baadaye: virusi vinaweza kuwasha nyama ya moyo, na pigo kali la mpira au ngumi juu ya kifua linaweza kuusimamisha moyo uliokuwa mzima.

Na kwetu Afrika kuna ugonjwa mwingine unaoharibu mioyo ya watoto wengi, nao unaanzia kooni. Mtoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, anashikwa na maumivu ya koo yanayoletwa na mikrobi iitwayo streptokoki. Asipotibiwa, baada ya wiki chache viungo vinaweza kuvimba, leo goti, kesho kifundo cha mkono, na milango ya moyo ikaumia. Mara nyingi ugonjwa huu huua polepole, kwa kuchoka na kuvimba miguu, lakini unaweza pia kuua ghafla. Dawa ya kuuzuia ni penisilini, dawa ya kale na ya bei ndogo. Mtoto ambaye moyo wake umeshaguswa huhitaji sindano kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Mama, koo la mtoto likiuma na homa ikapanda, usimalize siku kwa chumvi na limao peke yake. Mpeleke kituo cha afya.

Hatusemi haya ili kila mzazi amzuie mtoto wake kucheza. Kifo cha ghafla cha moyo kwa vijana ni nadra. Katika nchi zinazohesabu, ni takriban kijana 1 au 2 katika vijana 100,000 kwa mwaka. Mpira ni afya. Lakini kwa nyumba inayopatwa, hesabu hiyo haifuti machozi hata tone moja. Basi mzijue dalili:

Mtoto kuzimia katikati ya mbio au mchezo, au akiwa na hasira au hofu kali. Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote.
Kuumwa kifua anapokimbia.
Moyo kupiga ovyo au kwa kasi bila sababu.
Kukata pumzi mapema kuliko wenzake wa umri mmoja.
Degedege au "kifafa" kisichosikia dawa za kifafa.
Kuwapo katika ukoo mtu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40, au aliyezama majini ingawa alijua kuogelea.

Juu ya hiyo ya kifafa tuna neno kwa watumishi wenzetu. Mtoto akianguka na kutetemeka, tumezoea kusema ni pepo. Sisi ni Wapentekoste, tunaamini kwamba pepo wapo na kwamba jina la Yesu linawatoa. Lakini si kila anguko ni pepo. Umeme wa moyo ukivurugika, mtoto anaanguka na kutetemeka vile vile. Ukimfungia siku tatu bila kula wala kunywa kwa ajili ya kumfungua, unaweza kuuongezea moyo mgonjwa mzigo. Mwombee, na siku hiyo hiyo mpeleke kwa daktari. Pepo hawezi kukimbilia ndani ya ekografi akajificha.

JAMBO LA TATU: MAOMBI NA MIKONO NI KAZI MOJA

Turudi Shunemu. Elisha alimtuma Gehazi mbele na fimbo yake, aiweke juu ya uso wa mtoto. Gehazi akaiweka. Hakukuwa na sauti wala dalili ya uhai. Kisha Elisha mwenyewe akaja. Akafunga mlango, akaomba. Halafu akamlalia mtoto, kinywa juu ya kinywa, macho juu ya macho, mikono juu ya mikono, mpaka mwili ukapata joto. Akatembea nyumbani huku na huku, akarudia tena. Hatusemi kwamba Elisha alifanya kazi ya daktari wa leo. Ule ulikuwa muujiza. Tunasema tu kwamba nabii hakuona maombi na mwili wake kuwa maadui. Aliomba, na akajitia mwenyewe katika kazi. Aliyetuma fimbo kwa mbali hakufaulu mpaka alipokuja mwenyewe.

Vijana wetu wapenda mpira wanajua jina la Fabrice Muamba. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1988, akafika Uingereza akiwa mtoto, kwa sababu baba yake alikimbia nchi wakati wa Mobutu. Tarehe 17 Machi 2012, akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham jijini London, moyo wake ulisimama uwanjani. Hakuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 23. Moyo wake haukupiga peke yake kwa dakika 78. Uwanja mzima ulinyamaza, watu wa timu zote mbili wakaomba, na katika nchi nyingi watu waliomba. Tunaamini Mungu alisikia. Lakini angalieni Mungu alitumia nini. Wauguzi na madaktari wa timu walimfikia mara moja, wakaanza kubonyeza kifua chake bila kuacha. Daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuja kutazama mchezo tu kama ninyi mnavyokwenda Stade de la Concorde, alitoka katika viti vya watazamaji akaingia kusaidia. Wakampiga kwa mashine ya umeme mara 15. Muamba akaamka. Aliacha mpira mwaka ule ule, na mpaka leo anamshukuru Mungu hadharani. Haoni haya kuwashukuru madaktari pia.

Baba zetu wanakumbuka mwingine. Tarehe 26 Juni 2003, pale Lyon nchini Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka katikati ya mchezo na Kolombia. Alikuwa na miaka 28. Hakuamka. Uchunguzi wa mwili ulionyesha ugonjwa ule ule wa nyama ya moyo kuwa nene, ule unaorithiwa. Na Raphael Dwamena wa Ghana alijulikana kuwa na moyo mgonjwa, akawekewa ndani ya kifua kifaa kidogo cha kuuamsha moyo. Baadaye aliamua kiondolewe, akaendelea kucheza. Alianguka uwanjani nchini Albania tarehe 11 Novemba 2023 akafa, yeye pia na miaka 28. Hatumhukumu, Bwana ndiye ajuaye moyo wake. Lakini tunawaambia ninyi mnaowashauri wagonjwa: asiwepo mtu wa kumwambia binti yetu atupe dawa zake ili aonyeshe imani. Kumeza dawa na kumshukuru Mungu si imani ndogo.

Sasa, mtu akianguka mbele yako hapa Bukavu utafanya nini? Sikilizeni vizuri, na baadaye mjizoeze.

Mwite, mtikise mabega. Asipojibu, angalia kifua kama kinapanda na kushuka. Anaweza kuvuta pumzi moja moja ya kukwama, kama mtu anayekoroma. Huko si kupumua. Usipoteze muda kwa kumwagia maji, wala usimtie kijiko mdomoni. Mtume mtu atafute gari, mwingine apige simu hospitali iliyo karibu. Wewe mlaze chali chini, pahali pagumu. Piga magoti kando yake. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu ya ule wa kwanza, nyosha viwiko, bonyeza kwa uzito wa mwili wako. Kwa mtu mkubwa kifua kishuke sentimita 5 hadi 6, kisha kiache kipande chote. Bonyeza mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kwa kila sekunde. Kwa mtoto mdogo, kifua kishuke karibu theluthi moja ya unene wake. Mkiwa wengi, badilishaneni kila dakika 2. Aliyefundishwa ampulizie pumzi 2 baada ya kubonyeza mara 30, na hii ni ya lazima zaidi kwa mtoto na kwa mtu aliyetolewa majini katika ziwa letu. Usiyefundishwa, bonyeza tu, usiache mpaka aamke au mpaka wataalamu wamchukue. Na wengine wanaosimama pale, hao ndio waombe. Wasimwambie anayebonyeza aache ili waweke mikono.

Hatutawadanganya. Mikono peke yake mara nyingi haiamshi moyo. Inafikisha damu kidogo kichwani huku tukingoja mashine ya umeme, na kila dakika inayopita bila msaada inapunguza tumaini. Mashine hizo si kitu cha kukuta kwenye viwanja vya kartye zetu. Wapo watakaokufa hata mikono yetu ikifanya yote. Ndiyo maana kwetu sisi kazi kubwa inafanyika kabla ya anguko la mwisho, kwa kulisikiliza anguko la kwanza. Yule kijana wetu alianguka mara mbili kwa shangazi yake kabla ya siku ile ya posho.

JAMBO LA NNE: KUMSHTAKI MTU NI KUUA MARA YA PILI

Mnakumbuka mwaka 2021. Katika vijiji vya jimbo letu la Kivu ya Kusini wanawake wazee waliuawa, wengine kwa moto, kwa kuitwa wachawi. Wengine walitajwa na watu waliojiita manabii. Walikuwa mama zetu, waliotubeba mgongoni. Na watoto pia wameshtakiwa, wakafukuzwa nyumbani. Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inaweka adhabu kwa jambo hilo. Lakini hata kama kusingekuwa na sheria ya serikali, tunayo amri ya Mungu ya kutomshuhudia jirani uongo.

Tunaelewa kwa nini swali la "nani" ni tamu. Mzazi aliyemzika mtoto mzima anatafuta pahali pa kuweka maumivu yake. Jina la mtu linampa pahali hapo. Lakini ni kaburi lingine analichimba. Mwenye kuuliza "nani" anapata adui. Mwenye kuuliza "nini" anaweza kuokoa ndugu wa marehemu waliobaki nyumbani. Wanalala katika chumba kile kile, na labda wana moyo wa namna ile ile. Kijana akifa ghafla bila sababu inayoonekana, kazi ya kwanza ya upendo baada ya mazishi ni kuwapeleka wazazi wake na ndugu zake wakapimwe moyo.

Hapa mjini kwetu tuna ushuhuda ambao dunia nzima imeusikia. Daktari Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Alipokuwa mtoto alimfuata baba yake kwenda kumwombea mtoto mgonjwa. Baba aliomba, wakaondoka. Mtoto Denis akamwuliza kwa nini hakumpa mgonjwa dawa. Baba akamjibu kwamba yeye si munganga. Hapo mtoto akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Kutoka katika nyumba hiyo ya maombi kikatoka Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya jumuiya yetu ya Kipentekoste ya CEPAC, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mchungaji yule hakumkemea mtoto kwamba ameikosea imani. Alisema ukweli kuhusu mpaka wa kazi yake. Sisi wachungaji wa leo tujifunze kusema vile: mimi naomba, na sasa twende kwa daktari.

TUTENDE NINI JUMA HILI

Baba na mama, kaeni na watoto wenu jioni moja. Waulizeni kama kuna aliyewahi kuzimia akikimbia. Watoto wanaficha, kwa kuogopa kukatazwa mpira. Waulizeni bila ukali. Kisha waulizeni wazee wa ukoo wote wawili, wa baba na wa mama, juu ya waliokufa ghafla wakiwa vijana.

Viongozi wa kwaya, wa masomo ya siku ya Mungu na wa timu za vijana, mtafuteni muuguzi wa kanisa lenu. Mpeni saa moja awafundishe vijana kubonyeza kifua. Mto wa kitanda unatosha kwa kujizoeza.

Mashemasi, vipimo vya moyo vinagharimu, na familia nyingi hazina. Muwe na sanduku dogo kwa kazi hiyo, au mzisaidie familia ziingie katika mutueli ya afya. Tunachanga kwa ajili ya jeneza. Tuchange pia kabla ya jeneza.

Na sisi wachungaji, neno la karuho au la uchawi likianza kutembea katika kilio, tusimame siku hiyo hiyo, tulikatae kwa sauti, mbele ya wote. Tusitikise kichwa. Sisi tuliwahi kutikisa kichwa, na mjane akakaa miezi minne na sambaza zake zikioza.

Mama yule amerudi sokoni. Binti wa miaka 13 humsaidia kubeba beseni siku ambazo si za masomo, beseni dogo, kwa sababu daktari amesema asibebe mzito.

Tuombe. Baba yetu wa mbinguni, ulitupa mioyo hii tukiwa tumboni mwa mama zetu, nawe wajua kila pigo lake. Wafariji wazazi waliolala na mtoto mzima wakaamka na maiti. Tusamehe sisi tuliotafuta wa kulaumu, tukawaacha walio hai hatarini. Wape madaktari na wauguzi wa mji wetu hekima na nguvu. Ifundishe mikono yetu isiogope kugusa kifua cha aliyeanguka, na midomo yetu iogope kumtaja jirani. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.